Mkeka wa Joto: Shajara ya Mradi wa Ukili na Mwani, Jambiani

Januari 2025, kaskazi, msimu wa joto

Mradi wetu ni kuichukua rekodi ya joto la bahari ya mashariki mwa Unguja na kuisuka ukili, yaani kanda za majani ya ukindu zinazoshonwa pamoja, mwaka baada ya mwaka, hadi iwe mkeka. Wanaosuka ni kikundi cha akina mama wa Jambiani, ambao pia ni wakulima wa mwani. Anayeshughulikia data ni kijana wa shahada ya uzamili ya sayansi za bahari, mtoto wa hapa hapa kisiwani. Mimi ni mwalimu wa sanaa. Kazi yangu ni kuupanga mkeka, kusimamia rangi na kuandika shajara hii.

Wazo lina wazazi wake. Mwaka 2017 Ellie Highwood, mwanasayansi wa tabianchi wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, alifuma blanketi la kroshia ambalo kila mstari wake ulikuwa na rangi ya joto la dunia la mwaka mmoja. Mwaka 2018 mwenzake wa chuo hicho hicho, Ed Hawkins, akatoa michoro ya mistari ya buluu na nyekundu isiyo na namba wala maneno, ikaenea dunia nzima, hadi kwenye tai za watangazaji wa hali ya hewa. Nilipoiona kwa mara ya kwanza niliona ukili. Mistari imelala ubavu kwa ubavu, kila mmoja na rangi yake, imeunganishwa ikawa kitu kimoja: kazi hiyo mabibi zetu wanaifanya wamekaa barazani. Rekodi ya bahari yetu iko kwenye kompyuta za watu wa mbali, ilhali wenye kuishi ndani ya joto hilo hawajawahi kuonyeshwa. Hilo ndilo lililoniuma na kunisukuma.

Kuhusu mwani, kwa asiyejua. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza mwaka 1989 hapa Jambiani na jirani zetu Paje, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Kuna aina mbili. Spinosamu ni mvumilivu na bei yake ni ndogo. Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini roho yake nyepesi. Ute wake huishia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi vya nchi nyingine. Zanzibar nzima wanalima watu zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake, na kwa wengi wao hiyo ndiyo pesa ya kwanza waliyowahi kuipata kwa jasho lao na kuitumia wapendavyo. Kisha kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 kotonii ikaanza kufa. Tawi linageuka jeupe, linalegea, linakatika kwenye taitai, ile kamba ndogo inayolifunga, linachukuliwa na maji. Watafiti wanataja joto la maji kuwa sababu kubwa, akiwemo Dk. Flower Msuya, ambaye ameufanyia utafiti mwani wa Zanzibar kwa miaka mingi.

Januari, mwisho wa mwezi

Data ya mkeka wa kwanza imepatikana. Inatoka kwa shirika la Marekani linaloshughulikia bahari na anga, NOAA, ambalo huunganisha vipimo vya satelaiti na vile vya meli na maboya. Inaanzia mwishoni mwa 1981, kwa hiyo miaka iliyo kamili ni kuanzia 1982 hadi 2024: ukili 43. Kila mwaka tunachukua wastani wake na kuulinganisha na wastani wa miaka 30, 1991 hadi 2020. Mwaka uliokaribiana na wastani huo utasukwa kwa ukindu usiotiwa rangi. Uliopoa utakuwa wa buluu, uliopata joto utakuwa mwekundu, na kila ngazi ya rangi ni sehemu mbili za kumi za digrii.

Akina mama walipenda kijani badala ya buluu, kwa kuwa kijani wanacho nyumbani. Kijana wetu akawaeleza kwamba wapo watu, wanaume hasa, ambao macho yao hayatenganishi kijani na nyekundu. Kwao mkeka wote ungekuwa kitu kimoja. Bi mkubwa wa kikundi akafikiri kidogo, akasema, "Basi ndiyo maana marehemu mume wangu alikuwa haoni embe bivu juu ya mti." Buluu ikapita.

Upana wa ukili: vidole vinne, kama sentimita 7. Mara 43 inakuwa karibu mita 3. Mkeka wa kukaa familia nzima.

Februari

Rangi ndiyo iliyotukalisha chini muda mrefu, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo niliposhuhudia ustadi ambao hakuna kitabu cha sanaa kilichonifundisha.

Tulihitaji nyekundu tatu na buluu tatu, kila moja ikiwa ngazi inayoonekana wazi. Nilikuwa nimepanga kupima unga wa rangi kwa mizani, sufuria tofauti kwa kila ngazi. Akina mama wana njia yao na ndiyo tuliyoifuata. Sufuria ni moja. Fungu la kwanza la ukindu linazamishwa maji yakichemka, linakunywa rangi nzito, linatoka. Fungu la pili linaingia kwenye maji yale yale, ambayo yameshapungua nguvu, linatoka hafifu. La tatu linatoka limepauka. Sufuria moja imezaa ngazi tatu za ukoo mmoja, hazigombani zikikaa pamoja kwenye mkeka. Wanajua kwa harufu na kwa mapovu lini fungu litoke. Kila fungu likafungwa fundo moja, mawili au matatu kuonyesha uzito wake, maana karatasi ingeloa.

Kisha kukawa na suala la jua. Ukindu uliotiwa rangi hupauka ukikaa juani, kila msusi anajua. Lakini kwa mkeka huu kupauka ni jambo zito kuliko urembo: nyekundu ikififia, baada ya miaka mitano mkeka utakuwa unasema bahari ilikuwa na joto dogo kuliko ilivyokuwa. Tukaanika vipande juani, nusu wazi na nusu chini ya ubao, tukaona nyekundu ndiyo inayokimbia kwanza. Uamuzi wetu ni kusuka kipande kidogo chenye ngazi zote saba na kukihifadhi kwenye kasha, gizani. Kila mkeka utakapotolewa utalinganishwa na kipande hicho. Wanaopima vitu maabara wana utaratibu wa namna hiyo hiyo, na nilifurahi kuona kikundi kimeufikia chenyewe, mama mmoja akitaja jinsi duka la vitambaa linavyohifadhi sampuli mbali na dirisha.

Bamvua la mwisho wa Februari

Tumeweka vipimajoto majini. Ni vidude vidogo vinavyojiandikia joto vyenyewe kila baada ya dakika chache. Viwili vimefungwa kwenye vijiti ndani ya mashamba, kimoja kiko karibu na mwamba ambako maji hayakauki hata bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari inapojaa na kupwa sana, likiwa kubwa. Mwenye shamba amekubali, kwa sharti kwamba matokeo aambiwe yeye kwanza kabla ya mtu mwingine. Ni sharti la haki na limeandikwa.

Machi, Ramadhani

Kazi inakwenda polepole, kama inavyostahili. Kusuka ni baada ya adhuhuri, kivulini, hadi karibu na saa za kuandaa futari. Miaka ya themanini imekwisha sukwa. Ukili wa 1998 umesukwa na binti aliyezaliwa mwaka huo, aliuomba mwenyewe. Mwaka huo ndio wa elnino kubwa, matumbawe ya ukanda wote huu yalipauka na mengi kufa. Ni mwekundu mapema, umezungukwa na miaka iliyopauka.

Aprili, baada ya Idd

Leo nitaandika kwa urefu.

Mkeka wa kwanza umeshonwa wote, tukautandika uani kwa bi mkubwa. Unapendeza. Buluu upande mmoja, ukindu mtupu katikati, kisha wekundu unazidi kadiri unavyosogea miaka hii ya karibu. Magharibi ya Bahari ya Hindi imepata joto kwa haraka kuliko sehemu nyingi za bahari za tropiki kwa zaidi ya karne, na hapo linaonekana bila grafu wala maelezo. Watoto walijua wenyewe mwanzo na mwisho wake.

Tulikuwa na kapu la simbi, kombe ndogo za pwani. Nikawaomba akina mama kila mmoja aweke simbi juu ya mwaka anaokumbuka mwani wake ulikufa. Hapa ikabidi kujua mwaka gani ni upi, na hakuna aliyeanza na namba. "Ilikuwa kaskazi ile ya giza," alisema mmoja, na wote wakaitikia: Unguja ilikaa bila umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mwingine alihesabu tangu meli ya Spice Islander ilipozama, Septemba 2011. Mwingine kwa uchaguzi, mwingine kwa darasa alilokuwa mwanawe. Kijana wetu aliandika kila kauli, na pale mama wawili walipotofautiana aliandika zote mbili bila kuwaamulia.

Simbi zilipotulia tukaangalia. Nyingi zilikuwa upande mwekundu, kama tulivyotarajia. Lakini kadhaa zilikaa juu ya ukili uliopauka, na kwenye ukili mmoja au miwili iliyokolea wekundu hapakuwa na simbi hata moja.

Nilianza kueleza kwamba kumbukumbu huteleza, na zipo sababu nyingine za mwani kufa: mvua kubwa inayoupiga maji yakiwa yamekupwa, upepo, samaki, uchafu unaojishika kwenye matawi. Yote ni kweli. Bi mkubwa akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia kijana.

"Mwanangu, joto hili ulilotupa ni la mwezi gani?"

"La mwaka mzima, bibi. Tumejumlisha, tukagawa."

"Kwa hiyo umechanganya kaskazi na kusi."

"Ndiyo, bibi."

"Basi hapo. Mwani haungoji mwaka uishe ndiyo ufe. Unakufa Februari, unakufa Machi. Ikifika Agosti maji baridi, wewe unayatia humo humo, unaniambia mwaka ulikuwa wa kawaida. Kwangu haukuwa wa kawaida. Nilirudi pwani na kamba tupu."

Uani kukawa kimya. Kijana akacheka kwa furaha ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta, akamwambia bibi kwamba watafiti wa matumbawe nao wamekwisha kuliona jambo hilo. Wao hawajali sana wastani wa mwaka. Wanahesabu joto lililozidi kiwango cha mwezi wa joto zaidi, digrii ngapi na wiki ngapi, wakijumlisha. Digrii moja ya ziada kwa wiki nne, matumbawe yanaanza kupauka. Jumla ikifika mara mbili ya hiyo, yanakufa kwa wingi. Kinachoua ni joto linalokaa. Maji ya upande wetu hupoa hadi karibu na digrii 25 wakati wa kusi na kupanda hadi 29 au 30 ifikapo Machi. Juu ya hapo ndipo panapoamuliwa uhai, na wastani wa mwaka unapafunika.

Nimekuwa nikisikia watu wakisema sanaa kazi yake ni kuipeleka sayansi kwa wananchi, kama mjumbe anayebeba barua iliyokwisha fungwa. Siyaamini tena maneno hayo. Barua ilifunguliwa uani Jambiani ikaonekana ina upungufu, na aliyeuona ni msomaji. Bila mkeka swali hilo lisingeulizwa, maana hakuna mwanamke wa kikundi aliyewahi kuitwa kwenye mkutano akaulizwa, "Wastani huu unakufaa?"

Aprili, wiki iliyofuata

Tumekubaliana kuwe na mkeka wa pili. Wa kwanza haufumuliwi. Unasema kweli kuhusu bahari. Wa pili utasema kuhusu shamba.

Kijana ametumia data nyingine ya NOAA, ile wanayoitumia kufuatilia matumbawe, ambayo kila kipimo chake ni kipande cha bahari cha kilomita 5 kila upande badala ya kama kilomita 28. Inaanza Januari 1985, kwa hiyo kaskazi ya kwanza tuliyonayo kamili ni ile iliyoishia Aprili 1986. Hadi hii ya sasa ni ukili 40. Kila ukili ni kaskazi moja, Desemba hadi Aprili, na rangi yake ni idadi ya siku ambazo maji yalipita digrii 30, kwa sababu kotonii hustawi kati ya 25 na 30. Hakuna siku hata moja: ukindu mtupu. Zikiwapo, nyekundu tatu kulingana na wingi wake.

Mkeka wa pili hauna buluu kabisa. Hilo lilinishtua nilipolichora kwanza. Halafu nikaelewa kwamba ndivyo inavyopasa: kwa mwani, kaskazi ama ilipita salama ama haikupita.

Mei, masika

Mvua. Ukindu haukauki, rangi inatoa ukungu. Tumesimama. Mwaka jana mwezi kama huu kimbunga Hidaya kilitua pwani ya Tanzania, upande wa Mafia, na wavuvi wa hapa bado wanalitaja jina hilo kwa sauti ya chini.

Juni, kusi imeshika

Mkeka wa pili umekamilika, na vipimajoto vimesomwa.

Kwanza mkeka. Kwa macho hauna raha ya ule wa kwanza. Ule una mteremko wa rangi unaokupeleka taratibu. Huu unanyamaza, unafoka, unanyamaza, kisha vipindi vya kunyamaza vinakuwa vifupi. 1998 na 2016, miaka matumbawe ya ukanda huu yalipopauka, imejitokeza wazi. 2024 pia, mwaka ambao dunia nzima ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa. Tukarudisha simbi mahali pale pale zilipokaa Aprili. Safari hii nyingi zaidi zimekaa juu ya wekundu. Bado zipo chache zisizolingana. Tumeziacha kwenye orodha kama zilivyo. Hatutaki kumsukuma mtu aibadilishe kumbukumbu yake ili mkeka wetu upendeze. Watu wa hapa wana haki ya kuwa na simbi ambazo hazijaelezeka.

Vipimajoto vimetupa jambo jingine, na aliyeambiwa kwanza ni mwenye shamba, kama tulivyoahidiana. Ndani ya shamba, maji yanapokupwa mchana wa kaskazi, joto hupanda digrii kadhaa juu ya ile ya satelaiti. Satelaiti inatazama kipande kikubwa cha bahari kikiwemo kina kirefu nje ya mwamba. Mwani unaishi ndani, kwenye maji ya magotini. Kile kipimajoto cha karibu na mwamba kimekaa karibu zaidi na satelaiti.

Tena joto hilo halikuja ovyo. Lilikuja kwa mafungu, mara mbili kwa mwezi. Kwa mtu wa pwani sababu iko wazi akiambiwa tu: huku kwetu, siku za bamvua maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Kwa hiyo yale maji machache yaliyobaki juu ya mchanga yanakutana na jua linalopanda kuelekea saa sita. Siku za maji mafu bahari haitoki mbali na shamba halikaukii namna hiyo. Mwezi na jua vinaamua mwani upikwe lini. Bahari iliyopata joto inaamua upikwe kiasi gani.

Hili tumelisuka kwenye ukingo. Mkeka wa pili umezungushiwa ukingo mwembamba ambao kila kipande chake ni siku moja ya Machi, kutoka kwenye kipimajoto cha shambani. Wekundu unakuja, unaondoka, unakuja. Mama mmoja aliugusa kwa kidole akahesabu, akaenda hadi bamvua la mwisho wa Machi, akasema tu, "Hili ndilo lililonimaliza."

Julai

Kulikuwa na mjadala wa wapi mikeka ionyeshwe. Mimi nilitaka ining'inizwe ukutani, kwa ajili ya rangi. Kikundi kikakataa: mkeka hukaliwa. Kisha akatokea mtu aliyependekeza tuipeleke Makunduchi wakati wa sherehe za Mwaka Kogwa, watu watakapojaa. Uamuzi ukawa ni Jambiani kwanza, chini, ikitandikwa sambamba.

Tuliitandika barazani siku ya Ijumaa baada ya swala. Walikuja wavuvi, walimu, sheha na wanakamati wake, vijana wa kazi za hoteli. Bila kuambiwa, watu walianza kukaa kwa miaka yao. Kijana wa 2005 kakaa mwaka wake, mama yake kakaa 1984. Mvuvi mmoja alikaa muda mrefu juu ya 1998 akieleza alivyoona mwamba umekuwa mweupe chini ya ngalawa yake. Kijana wetu wa sayansi aliandika, na amesema maelezo yale ya kina na mahali yana manufaa kwake.

Mazungumzo yalipohamia kwenye la kufanya, ndipo palipokuwa na joto zaidi kuliko baharini. Pendekezo la kwanza: kuvuna kabla ya bamvua kubwa la Machi. Faida yake inaonekana kwenye ukingo. Lakini mwani unataka kama siku 45 ili ukomae. Ukivunwa mchanga ute wake ni dhaifu na mnunuzi anashusha bei. Kwa hiyo kalenda nzima ya kufunga mbegu itabidi isogezwe nyuma, na kikundi kimeamua kuijaribu kwenye sehemu ya kila shamba, si shamba zima. Pendekezo la pili ni maji ya kina, nje kidogo, ambako kotonii inaweza kurudi. Teknolojia ipo: neti za mrija zinazobeba mwani bila kuuachia uchukuliwe na mawimbi zimekwisha jaribiwa Zanzibar. Linalozuia si neti. "Kule hakuendeki kwa miguu," alisema mama mmoja mbele ya sheha. "Kunataka chombo, na vyombo ni vya wanaume. Kunataka kuogelea, na sisi tumezaliwa pwani lakini wengi wetu hatujui kuogelea. Mnatuambia twende kina kirefu, nani katufundisha?"

Hakuna aliyelijibu hilo kwa haraka, na ilifaa wasijibu kwa haraka. Mwisho kamati imeandika mambo mawili: mafunzo ya kuogelea kwa wanawake wa kikundi, yafundishwe na wanawake, na chombo kimoja cha ushirika. Maombi yatakwenda wilayani yakiambatana na picha za mikeka na jedwali la kijana wetu.

Naandika hapa jambo ambalo halikusemwa barazani lakini lilikuwa moyoni mwangu muda wote. Afrika nzima inatoa chini ya sehemu 4 kwa mia ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada la dunia limeingia baharini. Mwanamke anayesimama kwenye maji hayo, mgongo umepinda, akifunga mbegu kwenye kamba, amepelekewa deni la watu wasiomjua, na sasa ndiye anayetakiwa kujifunza kuogelea ukubwani ili alilipe. Nasaidia maombi ya chombo kwa nguvu zangu zote. Sitaki lakini chombo hicho kihesabiwe kuwa jibu la mwisho, na nimeomba barua ya wilayani iseme hivyo kwa kalamu ya kikundi. Imesema.

Agosti, demani

Vijiji viwili vya jirani vimeomba kuja kujifunza. Kikundi kimekubali kuwafundisha rangi na hesabu, kwa sharti kwamba wapime maji yao wenyewe na waweke simbi zao wenyewe. Mkeka wa Jambiani hauwezi kusema ya Pwani Mchangani au ya Pemba. Pemba ndiko kunakotoka mwani mwingi zaidi wa Zanzibar, na maji yake ni ya namna nyingine.

Kijana wetu anaandika tasnifu yake. Majina ya wanakikundi waliokubali yatatajwa humo kama washiriki wa utafiti, akiwemo bi mkubwa aliyeuliza swali la wastani.

Mkeka wa kwanza umepauka kidogo kwenye ncha ya 2019, upande uliokaa juani siku ile ya baraza. Tumeulinganisha na kipande cha kashani na kuandika tofauti. Vipimajoto vinarudi majini Novemba, kabla kaskazi haijaanza: viwili shambani, kimoja mwambani, na safari hii kimoja nje kwenye maji ya kina, pale ambapo kikundi kinataka kujaribu kotonii. Kukipeleka huko tutakodi ngalawa. Ukindu wa ukili wa 2026 umeshakatwa na uko juani ukikauka. Rangi yake itajulikana mwisho wa Aprili.